Ukuta wa Bi Mdogo

Kande alikuwa na mvi kichwa kizima, magoti yanayolia kila akiinama, na mjukuu wa kuozesha, lakini nyumbani kwao bado aliitwa bi mdogo. Angefanyaje? Katika mji wa Zaria, mke aliyeolewa mwisho ndiye bi mdogo mpaka kaburini, na marehemu mzee Shehu, Mungu amrehemu, hakuongeza mke mwingine baada yake. Bi mkubwa alikuwa Azumi, wa chumba cha ng'ambo ya ua, na kila asubuhi alilitamka hilo jina kwa sauti ya mtu anayeita kuku.

"Bi mdogo! Umeamka au umekufa?"

"Nikifa utajua, bi mkubwa. Utakosa wa kumsumbua."

"Mh! Toka nje nikuone, huenda unanidanganya."

"Na wewe jitazame kwanza. Masikio bado yana nyuzi, dhahabu imekwenda wapi? Au hata masikio yamezeeka?"

Azumi alishika nyuzi zile nyeusi alizozitia kwenye matundu ya masikio, akasonya, akaenda kuwasha moto. Basi siku imeanza. Wapita njia waliosikia makelele yale juu ya ukuta wa udongo hawakugeuka hata shingo, maana wamezaliwa wakiyakuta.

Ugomvi wao ulikuwa wa mabakuli. Usicheke. Chumba cha mwanamke ndicho kilichomsemea. Bibi zao walipanga vibuyu vilivyochorwa, mama zao wakapanga shaba iliyosuguliwa kwa ndimu na majivu, na kizazi chao wao kikaja na enameli iliyoshuka kwa garimoshi, nyeupe yenye maua, bakuli juu ya bakuli, nguzo baada ya nguzo, tangu sakafuni mpaka kwenye boriti. Hakuna aliyethubutu kulia humo. Chakula kililiwa kwenye kibuyu kilichoshonwa ufa. Mabakuli yalikuwa ya kutazamwa. Kande akinunua la jogoo, Azumi atatafuta la tausi. Azumi akipata yenye mifuniko, Kande atakaanga karanga, atauza mafuta, atajinyima nyama sokoni mpaka naye apate yenye mifuniko na sahani zake. Kila safu mpya ikija mbele ya ile ya zamani, kitanda kinasogezwa, hata mzee Shehu akawa analalamika kwamba katika nyumba yake mwenyewe analala miguu ikiwa mlangoni.

Na wala si mashindano matupu. Mama alipanga mabakuli kwa ajili ya binti, ili siku ya kuolewa yabebwe vichwani, yapangwe katika chumba kipya, na wakwe waingie kutazama. Wakiona ukuta umejaa, wanajua binti huyu ana watu nyuma yake na hachezewi.

Kande alijaliwa binti mmoja tu, naye ndiye alikuwa wa kwanza na wa mwisho. Azumi hakujaliwa. Sasa kwa watu wa huko mtoto wa kwanza ana haya yake kubwa: mama hamtaji jina, hambembelezi mbele za watu, hamsifii, na akilia ni mwingine atakayemkimbilia. Kwa hiyo Azumi ndiye aliyembeba yule mtoto mgongoni, Azumi ndiye aliyemwita Hajjo, Hajjo wangu, Hajjo njoo ule, huku Kande amekaa mlangoni anageuza uso pembeni kana kwamba yule ni mtoto wa jirani. Ndani ya moyo alikuwa anaungua. Alimpenda mno, na mahali pekee alipoweza kuyaweka mapenzi hayo yakaonekana ni pale ukutani. Bakuli la kwanza kabisa alilinunua siku mtoto alipopewa jina.

Hajjo aliolewa kwa ngoma na vigelegele, akazaa msichana, Lubabatu, kisha kifua kikamshika. Nyumba ya mumewe ilimrudisha akiwa amekonda, mtoto akiwa mgongoni kwa mwingine. Mabakuli aliyokwenda nayo yalishaishia kwenye dawa. Mzee Shehu alikuwa keshafariki, ndani hamna kitu. Basi Kande alimwita Gambo, dalali wa kike anayezunguka majumbani, akamtolea bakuli kutoka safu ya nyuma kabisa.

"Likauze mbali," alimwambia. "Funtua huko. Nikisikia limeonekana hapa mjini, mimi na wewe basi."

"Funtua!" Gambo alisema, akilifunika kwa mtandio. "Haya mama. Funtua."

Lilipokwisha hilo likafuata jingine. Miaka ile ya ugonjwa safu za nyuma ziliondoka zote, kisha za katikati. Kwa nje Kande hakuonyesha kitu. Alibakiza safu ya mbele, na yenyewe aliinyoa: kila mabakuli mawili, katikati akadumbukiza kibuyu kikuukuu ili nguzo ifike juu. Kitanda kilizuia watu kusogea, na wake wenza wale, kwa kiburi chao, hawakuwa wakiingiliana vyumbani. Huko ndiko kufa na tai shingoni. Na Hajjo akafa hata hivyo. Azumi akajitupa uani akamlilia mpaka sauti ikakauka. Kande, kwa ile haya ya mtoto wa kwanza, alikaa kimya akivuta tasbihi, watu wakamsifu kwa subira.

Lubabatu akabaki naye. Mjukuu hana haya yoyote, mjukuu unamtania, unambusu, unamfinya mashavu, na Kande alimpa yote aliyomnyima mama yake. Msichana akakua mrefu, mcheshi, mwenye mwanya. Akapata mchumba, kijana mpole wa kiwanda cha sigara, na harusi ikapangwa ifanyike baada ya mavuno. Kande akajipa moyo kwamba mpaka wakati huo atakuwa amekaanga karanga za kutosha kununua japo safu moja ya kweli.

Ndipo Goggo Dije akaja na kola, zile kokwa chungu za kutafuna zinazopelekwa penye maneno ya harusi.

Goggo Dije alikuwa shangazi wa mchumba, mwanamke mnene mwenye pete kidole cha kati. Alikaa mkekani, akala kola yake mwenyewe aliyoileta, akasema wazee wameona heri harusi iwe kabla ya mwezi wa kufunga. Ijumaa ya wiki inayofuata, inshallah.

"Inshallah," alisema Kande, ulimi mzito.

"Chumba cha bwana harusi ni cha saruji, kirefu kweli. Tumesikia habari za ukuta wako tangu zamani. Tutakuja kuutazama ukishahamia huko." Akacheka. "Na mimi mnanijua. Mimi sitazami kwa macho tu."

Mji mzima ulijua. Yule mama alipita chumba cha bi harusi akigonga mabakuli kwa ile pete. Nguzo iliyojaa hujibu kwa sauti fupi, nzito. Nguzo ya uongo hulia. Kulikuwa na bi harusi mmoja wa mtaa wa pili ambaye nguzo zake zililia, na mpaka leo akinyanyua sauti kwa wakwe zake anaulizwa kama anataka kugongwa.

Kande hakula siku ile. Lubabatu alipokuja kumlalia mapajani alimkuta anatetemeka.

"Bibi, una homa?"

"Uzee tu."

"Wenzangu wananiuliza maswali, Bibi. Wanasema mtoto aliyefiwa na mama huenda kwa mume na mkeka na sufuria. Nimewaambia wangoje. Nimewaambia ukuta wa Bibi Kande ndio unaokuja." Akacheka, mwanya ukaonekana. "Nimewajibu vizuri, siyo?"

"Umewajibu vizuri," alisema Kande, akamfunika uso kwa kiganja ili asimwone anavyolia.

Alimwita Gambo. Akamwomba, kwa mara ya kwanza maishani mwake, amtafutie mabakuli ya kuazima.

"Ya kuazima?" Gambo alishika kichwa. "Mama Kande, halafu wenyewe waje kuyadai mbele ya wakwe? Utamvua nguo mtoto hadharani!"

"Sasa nifanyeje?"

Gambo alitazama chini, akatazama mlango wa Azumi. "Zungumza na bi mkubwa," alisema mwishowe.

"Niue kwanza."

"Basi mimi sina la kusema," alijibu Gambo, na mtu yule hajawahi kukosa la kusema tangu azaliwe. Akajifunga mtandio akatoka haraka, bila hata kuomba kola ya njiani.

Siku zikakimbia. Ijumaa ile, baada ya sala ya alasiri, wanawake wa mtaa walijaa barazani, vitambaa vya kubebea vimeshaviringishwa vichwani, wanaimba, wanamsubiri Kande afungue chumba watoe mabakuli. Kande alikuwa ndani, mlango amekomea, amekaa kitandani anautazama ukuta wake. Aliwaza kusema ameibiwa. Aliwaza kujifanya amezirai. Kwa kweli hakuhitaji kujifanya sana.

Mlango ukagongwa. "Bi mdogo. Fungua."

"Nenda zako, Azumi."

"Fungua kabla sijauvunja. Na nikiuvunja utalipa."

Akafungua. Azumi akaingia, akarudishia mlango nyuma yake, akasimama katikati ya chumba ambacho hakukikanyaga tangu walipokuwa wasichana. Alipita pembeni ya kitanda bila kuulizwa. Akanyoosha kidole, akagonga bakuli moja kwa ukucha. Likalia. Akagonga la juu yake.

"Kibuyu," alisema. Akagonga tena. "Na hiki kibuyu. Loh! Bi mdogo, umelima vibuyu humu ndani."

"Cheka basi." Kande alikaa tena kitandani. "Umengoja miaka mingi. Cheka umalize, halafu uwafungulie na wao waje wacheke. Ila mtoto asiwepo, Azumi. Nakuomba. Mtoe mtoto kwanza."

Azumi hakucheka. Alimshika mkono, mkono mkavu juu ya mkono mkavu, akamvuta. "Njoo kwangu."

Wakavuka ua, wanawake wakiimba huko barazani. Chumbani kwa Azumi kulikuwa na ukuta wake wa tausi na maua, na Kande, hata katika hali ile, jicho lake lilienda lenyewe kuuhesabu. Lakini Azumi alimpitisha mpaka nyuma ya kitanda, kwenye pazia la kitambaa cha bluu, akalivuta.

Jogoo. Jogoo mwekundu kwenye bakuli jeupe, na chini yake yale yenye mifuniko, na sahani zake, na karai kubwa la kijani ambalo Kande alilinunua mwaka wa njaa na kumwambia mume kuwa amepewa zawadi. Nguzo baada ya nguzo, imefungwa kila moja kwa utepe, hakuna vumbi. Kande aliligusa hili, akaligusa lile. Aliyajua yote. Angeyajua hata gizani, kwa vidole.

"Gambo!" alisema. "Nilimwambia Funtua!"

"Sasa Gambo ana miguu ya kwenda Funtua? Alitoka langoni amelifunika, akazunguka nyuma ya nyumba, akaingia kwangu anahema." Azumi alikaa kitandani. "Sikufichi, lile la kwanza nililinunua nije nikucheke. Wallahi. Nilisema siku ya Idi nitaliweka mbele kabisa, wageni wamejaa, uje ulione. Nililala usingizi mtamu. Asubuhi nikaenda kumtazama Hajjo chumba cha wageni alikolazwa, nikakuta chupa mpya ya dawa, kifua kimetulia, anaomba uji. Nikakuuliza dawa imetoka wapi. Unakumbuka ulinijibuje?"

"Kwamba hayakuhusu."

"Ulisema hayanihusu." Azumi alipangusa pua kwa ncha ya kanga. "Mimi niliyembeba mgongoni mpaka akajua kutembea, hayanihusu! Nilikuchukia siku ile. Halafu nikamwambia Gambo kila kitakachotoka chumba kile kije kwangu, na asibishane bei. Ningekupa mkononi ungepokea?"

Kande alifikiri. "Ningekutupia usoni."

"Haya sasa."

Ndipo macho ya Kande yakaenda kwenye masikio ya mwenzake, kwenye zile nyuzi nyeusi. Alikumbuka ni tangu lini: tangu miaka ile ya chupa za dawa. Alikumbuka na maneno yote aliyomrushia juu ya masikio yale, asubuhi baada ya asubuhi, na watu wakacheka. Akalivutia kifuani lile karai la kijani.

"Usianze kulia, wakwe wanangoja," alisema Azumi. "Na wewe ukilia unakuwa na sura mbaya sana."

"Mbona hukuniambia alipofariki? Miaka yote hii ninakula wasiwasi?"

"Nikuambie ili iweje? Ungejifungia humo kwa aibu, usinisemeshe tena mpaka ufe. Ningegombana na nani asubuhi?" Akasimama, akajifunga kanga vizuri, akapaza sauti kuelekea uani. "Enyi wanawake! Njooni huku! Chumba cha bi mdogo kilikuwa kidogo, mengine aliyaweka kwangu!"

Wakaingia kwa vigelegele. Yakatoka yote ya nyuma ya pazia. Kisha Azumi akaanza kushusha na yale ya tausi, Kande akamshika mkono akimwambia yatosha, Azumi akamwambia asimpangie, chumba cha saruji ni kirefu, na mtoto ni wa wote. Waligombana hapo mbele za watu kama kawaida yao, na watu wakafurahi. Msafara ulipotoka langoni ulienea njia nzima, maua na majogoo na tausi juu ya vichwa, na wale wasichana waliouliza maswali wakasimama pembeni midomo wazi.

Goggo Dije alifika na pete yake jioni hiyo hiyo. Kande na Azumi walikaa kwenye mkeka mmoja, magoti yakigusana. Yule mama alianzia mlangoni. Du. Akasogea. Du. Akainama chini, akapanda juu ya kigoda, akajaribu pembe ya mbali kabisa ambako watu huficha mambo. Du, du, du. Kila alipogonga Kande alijikaza, kila ilipojibu alivuta pumzi, mpaka Azumi akamnong'oneza aache kumfinya paja.

"Hapa pamejaa," alisema Goggo Dije mwishowe, na haikuwa rahisi kwake. "Pamejaa kweli. Nani alimkusanyia mtoto huyu vitu vyote hivi?"

"Mama yake," alijibu Azumi.

Lubabatu, chini ya mtandio wa bi harusi, alianza kulia kwa sauti, na kwa kuwa bi harusi hutakiwa kulia, kila mtu akaridhika.

Walirudi nyumbani wawili tu. Ua ulikuwa kimya. Kande aliingia chumbani kwake akakaa. Ukuta ulikuwa mtupu, umebaki na alama za mviringo kwenye udongo, na vibuyu vyake vimelundikana pembeni. Hakuhuzunika kwa ajili ya mabakuli. Alihuzunika kwa sababu hakuna tena wa kumkusanyia.

Azumi aliingia bila kubisha, mara ya pili siku hiyo hiyo, kana kwamba alikuwa akiingia miaka yote. Alitoa kitu chini ya kanga, akakiweka mapajani mwa Kande. Lilikuwa bakuli dogo jeupe lenye ua moja la njano, lile la siku ya kupewa jina, ukingo wake umemeguka rangi pale mtoto anayejifunza kutembea alipoliangusha.

"Hili sikulipeleka," alisema. "Goggo Dije angeona kasoro angetusema mwaka mzima."

Kande aliligeuza. Alipitisha kidole pale lilipomeguka.

"La nani hilo?" aliuliza Azumi.

"Unalijua."

"Najua. Nataka unitajie wewe."

"Azumi, mimi na haya hii..."

"Haya mbele ya nani? Mzee kafa, wazee wote wamekufa, tumebaki mimi na wewe na vibuyu. Jina hilo nimelitaja mimi peke yangu maisha yangu yote, nimechoka. Nisaidie."

Midomo ya Kande ilijaribu, ikaacha, ikajaribu tena.

"La Hajjo," alisema.

Lilipotoka hilo, mengine hayakuzuilika. "Hajjo," alisema, "Hajjo wangu, Hajjo, mwanangu Hajjo," akalia kilio chote alichosifiwa kwa kukizuia, na Azumi akamshika kichwa kifuani na kulia naye, kwa sura zao mbaya zote mbili.

Walipochoka, Azumi alijipangusa, akachukua lile bakuli, akaliweka chini kabisa pale ukutani, katikati ya alama moja ya mviringo.

"Anzia hapo," alisema. "Kesho Gambo analeta vyombo vya vioo, na mimi siwezi kushindana na ukuta mtupu."

Kande alipenga kamasi.

"Kesho Gambo akija," alisema, "atapeleka kwanza karanga zangu sokoni, akuletee hereni. Siwezi kushindwa na mtu mwenye nyuzi masikioni."